Pete ya Kongosho

Daktari wa picha hakugeuka Inspekta alipoingia. Alikuwa amekaa gizani mbele ya kompyuta mbili, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akanyoosha kidole kuelekea kiti kilichokuwa pembeni yake. Huko nje lilikuwa jua kali la saa nne asubuhi, lakini chumba hiki kilifungwa mapazia mazito kama nyumba yenye deni la kodi.

"Kaa, Inspekta. Najua umekuja kuuliza nani alibadilisha picha."

"Nimekuja kuuliza kwanza kama zilibadilishwa."

Hapo daktari akageuka, akamtazama vizuri. Alikuwa mzee mwembamba aliyekaribia kustaafu, na macho yake yalionyesha kwamba hajalala sawasawa kwa siku kadhaa.

Inspekta mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye maswali mengi, na kituoni walimwita Bi Kwanini, ingawa si mbele yake. Kesi hii alikabidhiwa juzi ikiwa tayari na mshtakiwa, na jambo hilo lilimtia wasiwasi tangu mwanzo, kwa sababu chakula kinacholetwa kimeshatafunwa si rahisi kujua kilikuwa nini. Mwalimu mmoja wa hesabu aliletwa hospitalini akitapika na kulia kwa maumivu ya tumbo. Mashine ya CT ilikuwa mbovu siku hiyo. Madaktari wakafungua faili lake kwenye kompyuta, wakakuta picha za tumbo zilizopigwa mwezi uliotangulia, na picha hizo zikaonyesha uvimbe kwenye kongosho. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Tumbo lilipofunguliwa, uvimbe haukuwepo. Sasa mwalimu alikuwa amelala wodi ya wagonjwa mahututi, hajitambui, na mdogo wake alikuwa amekwenda polisi kuapa kwamba fundi wa picha ndiye aliyewaharibia ndugu yao. Fundi alikuwa mahabusu. Mkuu wa kituo alitaka apandishwe mahakamani siku hiyohiyo.

"Sogea," daktari alisema. "Hili ndilo kongosho. Watu wengi hawajui hata kama wanalo, mpaka liwatoe machozi. Limelala kwa mlalo, nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa kiko huku kulia, kimekumbatiwa na utumbo. Katikati kiwiliwili. Mkia unakwenda kushoto mpaka kwenye wengu. Hii ni picha ya mwezi uliopita. Unauona mkia?"

Inspekta aliona mawingu ya kijivu, akasema hauoni. Daktari akasogeza mshale mdogo polepole, akausimamisha.

"Hapa. Kitu kama harage."

"Ndio uvimbe wenyewe?"

"Ndio, na sura yake siipendi. Sasa tazama hii nyingine. Hii tulimpiga mwalimu juzi, mashine ilipotengenezwa, tukamteremsha na mipira yake yote. Mkia ni safi kabisa. Lakini angalia kichwa. Nimekwambia utumbo hukikumbatia kichwa. Kwa huyu mambo yamegeuka, nyama ya kongosho ndiyo imeuzunguka utumbo pande zote, kama pete kwenye kidole. Na pete imebana. Ndiyo maana alikuwa anatapika."

"Pete hiyo inaweza kuota kwa mwezi mmoja?"

"Haioti hata kwa miaka mia. Mtu anazaliwa nayo. Mtoto akiwa bado tumboni kwa mama yake, kongosho huanza vipande viwili, kimoja kinasafiri kumfuata mwenzake. Kwa watu wachache kipande kinakwama njiani, inakuwa pete. Wengine vipande vinaungana, lakini kila kimoja kinabaki na mfereji wake. Nimeona asiye na mkia kabisa. Nimeona kichwa chenye nundu ya kuzaliwa nayo, tukamtisha mwenyewe na ukoo wake wote bure. Muumba hakutumia kalibu moja, Inspekta."

"Na haiwezekani kwamba pete ilikuwepo mwezi uliopita, mkaikosa?"

Swali lilimchoma. Daktari alishusha miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Picha hizo nilizisoma mimi. Swali hilo nilijiuliza kabla yako, nikazirudia mpaka macho yakauma. Pete haipo. Na tazama pembeni hapa, usiangalie kongosho, angalia mifupa. Mbavu mbili za kushoto ziliwahi kuvunjika, zikajiunga zenyewe vibaya. Kwenye picha za juzi mbavu zote ni nzima."

"Kwa hiyo ni watu wawili."

"Ni watu wawili." Daktari alirudi kwenye picha ya mwezi uliopita. "Na mmoja yuko huko nje anapanda ngazi, anakula, anacheka, ana kitu kwenye mkia wa kongosho na hajui. Bado ni kidogo. Mkia ukikatwa mapema, mtu anaweza kuishi mpaka awachoshe wajukuu. Tukichelewa kinahamia kwenye ini, na kikishafika huko sisi tunabaki na maneno ya kufariji tu. Mwezi tumeshaupoteza. Mimi usingizi umenikimbia."

Inspekta aliogopa. Alikuwa amekuja kutafuta mkosaji, na mkosaji hata akichelewa wiki mbili hafi mtu. Huyu asiyejulikana alikuwa jambo lingine.

"Waliopigwa picha siku ile umewaangalia?"

"Wote, na wa siku ya kabla, na wa siku ya baada. Nilidhani nitampata humo. Kuna bibi mmoja aliingia mara tu baada ya mwalimu, nikasema ndiye huyu, picha zimepishana. Lakini bibi yule alishatolewa kifuko cha nyongo, na kwenye picha zake hakipo. Ni zake. Kila mmoja nimemlinganisha na picha zake za zamani, na wasio nazo nimewaita tukawapima upya. Kila mtu ana picha zake."

"Kuna yeyote kwenye mafaili hayo mwenye pete?"

"Hakuna."

Inspekta aliitazama ile pete kwenye kioo.

"Daktari, tuseme mimi na wewe tumebadilishana viatu. Vyangu utakuwa navyo wewe, si ndiyo?"

"Ndiyo, na vitanibana."

"Basi kama fundi angebadilisha picha, za mwalimu zingekuwa kwenye faili la mtu mwingine. Pete ingepatikana mahali fulani. Wewe umetafuta kote hukuipata. Fundi hakubadilisha kitu. Mwalimu hakulala kwenye mashine ile siku ile."

Daktari akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa alilala nani?"

*

Fundi wa picha, hospitali nzima ilimwita Usipumue, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyowaambia wagonjwa tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za ndevuni, na siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemkunja kama shati la mtumba. Alisimama Inspekta alipoingia, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Afande, nimeshasema yote."

"Sema tena, mimi nina masikio mazito. Mgonjwa akiingia unaanza na nini?"

"Namuuliza jina lake kamili. Namuuliza tarehe ya kuzaliwa. Naangalia kadi ya bima, naangalia sura yake."

"Sura ilifanana?"

"Ilifanana. Paji lilelile, pua ileile. Lakini afande, picha ya kadi ni ndogo kama kucha, na kwenye kadi zile kila mtu anafanana na mwizi wa kuku."

"Jina alilitaja?"

"Bila kusita."

"Na tarehe?"

Usipumue alifikiri. "Siku na mwezi alitaja haraka. Mwaka ndiyo akakwama kidogo. Sikushangaa. Watu wakiona mashine ile wanasahau hata majina ya watoto wao."

"Endelea. Akapanda kitandani."

"Akapanda. Nikamwambia anyanyue mikono juu ya kichwa. Wa kulia ukaenda, wa kushoto ukagoma njiani, akasema huo umezoea kulala chini. Nikamwekea mto." Alisita. "Mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe, mpaka kwenye viwiko. Liliacha alama kwenye shuka. Nikamtania, nikamwambia mwalimu, chaki imekufuata mpaka huku."

"Akasemaje?"

"Akacheka tu."

Inspekta aliandika neno chaki, kisha akalitazama kama mtu aliyeokota ufunguo asiojua wa mlango gani. Mwalimu na chaki vinakwenda pamoja, na neno hilo lilikuwa linamvuta kurudi kulekule alikotoka, kwamba aliyelala pale alikuwa mwalimu kweli. Mbavu zilikataa, na pete nayo ilikataa.

"Afande," Usipumue alisema alipomwona anasimama, "kosa langu ni lipi?"

"Bado sijui kama unalo. Umekula?"

"Hakishuki."

Koridoni simu ya Inspekta ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Karatasi za yule fundi ziko tayari?"

"Bado, mkuu."

"Kwa nini?"

Haikuwa kawaida Inspekta kuulizwa yeye neno hilo, na hakulipenda. "Kuna mtu mgonjwa, mkuu, hajui kwamba anaumwa. Nikimpata huyo, kesi nzima itafunguka. Nipe mpaka jioni."

"Mdogo wake mwalimu amenipigia tena. Anasema tunamlinda fundi."

"Mwambie aje hospitalini baadaye, nitamjibu mwenyewe," Inspekta alisema, akakata.

*

Mke wa mwalimu alikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya mahututi, mahali alipokaa tangu mumewe atolewe chumba cha upasuaji. Alikuwa amepakata mfuko wa plastiki wenye viatu vya mumewe, na chupa ya chai ilikuwa miguuni pake, haijafunguliwa. Kupitia kioo cha mlango kilionekana kitanda kimoja na taa ya kijani iliyokuwa ikiwakawaka.

"Pole, mama. Leo ameamkaje?"

"Nesi anasema amefumbua jicho moja. Mimi sikuliona, lakini nimeamini."

Inspekta akakaa kando yake. "Nina maswali madogomadogo, usiyashangae. Mumeo aliwahi kuanguka akavunjika mbavu?"

"Nani, baba watoto?" Karibu acheke. "Yule hapandi hata stuli. Balbu ikiungua nyumbani nabadilisha mimi, yeye anashikilia stuli na kunisomea dua."

"Na akirudi kazini, mikono huwa na chaki?"

"Chaki ya wapi, afande? Shuleni kwao waliacha chaki zamani. Wanaandika kwa kalamu za wino kwenye ubao mweupe. Njoo uone mashati yake, yote yana madoa meusi, nimesugua mpaka nimekoma."

Inspekta alitikisa kichwa taratibu.

"Mwezi uliopita alikuja hapa kupigwa picha?"

"Wao wanasema alikuja."

"Nakuuliza wewe, mama."

Mwanamke yule alianza kuufunga mfuko wa viatu fundo, ingawa ulikuwa umeshafungwa.

"Kadi yake ya bima inakaa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye pochi yake."

"Na pochi?"

"Mfukoni mwake."

"Na akiwa anaoga?"

Machozi yalitangulia jibu.

"Mama, sikuja hapa kwa sababu ya kadi. Mimi nina shangazi wawili waliotibiwa macho kwa kadi moja, na mwenye kadi alikuwa wa tatu. Nataka kujua mtu mmoja tu. Alilala nani kwenye mashine ile?"

"Ukimjua utamfunga."

"Nisipomjua ndiyo atapata tabu."

Mke wa mwalimu alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alipoanza kusema hakumtazama Inspekta, alitazama kile kioo cha mlango.

"Shemeji yangu. Mdogo wake mume wangu. Mgongo ulikuwa umemkunja hawezi hata kukaa, na tumbo juu linamchoma. Yeye ni fundi wa dari, aliwahi kuanguka ngazini akavunjika mbavu, anabandika zile mbao za jasi zenye unga mweupe kama chaki, akikosa kazi siku moja hawali. Bima hana. Nilimwomba mume wangu tumsaidie kadi, akakataa. Mume wangu ni mtu wa mstari, afande, kalamu ya shule haiingii nyumbani kwangu. Basi nikaichukua akiwa bafuni, nikampa shemeji, na kabla ya jioni imesharudi. Wanafanana kama mapacha. Hakuna aliyeuliza."

"Na majibu?"

"Ulikuja ujumbe kwenye simu ya mume wangu, kwamba majibu yako tayari, fika umwone daktari. Nikaufuta kabla hajauona. Nikamwambia shemeji aende. Akasema mgongo umeacha, amemeza vidonge, kama kungekuwa na jambo kubwa wangepiga simu." Alivuta pumzi. "Sikumfuatilia. Nilishukuru tu kwamba mume wangu hajajua."

"Halafu mumeo akaugua yeye."

"Akaugua yeye. Wakamwingiza na kitanda, milango inafunguka inafungwa, daktari ananiambia picha zinaonyesha uvimbe, weka sahihi hapa. Mimi nikajua wamempiga picha muda uleule. Nani aliniambia mashine ni mbovu? Nikaweka sahihi."

"Umejua lini kwamba ni picha za shemeji?"

"Juzi, waliposema za mwezi uliopita. Nikanyamaza. Nilijiambia, nikisema, mume wangu akiamka hana kazi, na mdogo wake yuko jela, na mimi ndiye niliyewafikisha hapo. Nimemwacha baba wa watu akae mahabusu. Mungu anisamehe." Kisha akageuka kwa mara ya kwanza. "Lakini afande, angalau uvimbe haupo. Daktari mwenyewe alitwambia, wamefungua hawakuona kitu. Nikasema kumbe mashine ndiyo iliyokosea. Shemeji ni mzima."

Inspekta alitamani daktari wa picha awe pale badala yake. Maneno haya hayakuwa ya polisi.

"Hawakuona kitu kwenye tumbo la mumeo," alisema. "Mashine haikukosea."

Mwanamke yule alimtazama, bado akisubiri sentensi iliyobaki, na halafu hakuihitaji tena. Mkono wake ulikwenda mdomoni, ukabaki hapo.

"Uvimbe bado ni mdogo," Inspekta aliharakisha kusema. "Daktari anasema unaweza kukatwa. Lakini leo, mama, si kesho. Yuko wapi?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Mwishoni mwa korido mtu alikuwa anakuja kwa hatua ndefu, nguo za kazi, kofia mkononi, unga mweupe wa jasi umemjaa kwenye nyusi na kwenye mikono. Alikuwa na paji la uso la yule aliyelala ndani.

"Afande! Mkuu wako ananizungusha kama pia. Yule fundi kapelekwa mahakamani au bado?"

"Bado."

"Bado! Kaka yangu amechanwa kama samaki, mtu aliyefanya hivyo anakunywa chai yenu kituoni, wewe unaniambia bado? Nataka nimwone. Nataka aniangalie usoni aniambie kaka yangu alimkosea nini."

"Shemeji, kaa," mke wa mwalimu alisema.

"Sikai, shemeji. Nimekaa vya kutosha."

"Kaa, nakuomba." Akamshika mkono. "Zile picha walizomfungulia kaka yako. Ni zako. Ni zile za siku ya kadi."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake. "Zangu zipi? Mimi nilipigwa picha, nikaenda zangu kazini. Zangu zinaingiaje kwa kaka? Si alipigwa zake siku ileile aliyoletwa?" Inspekta alimwona akihesabu ndani kwa ndani, jina alilotaja, kadi aliyotoa, faili lililofunguliwa. Kofia ilimtoka mkononi. Alikwenda mpaka kwenye kioo cha mlango, akaweka paji lake pale, akakaa hivyo muda mrefu.

Aliporudi alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu.

"Nifunge mimi, afande. Mwachie yule baba aende kwa watoto wake. Shemeji hana kosa, mimi ndiye niliyelala pale nikajiita kaka yangu."

Inspekta aliishika mikono ile, akaishusha taratibu.

"Fundi anatoka leo. Ya kadi tutayazungumza baadaye, na nyote watatu, hata kaka yako akiamka, mtaulizwa. Sasa hivi twende chini. Daktari wa picha anakusubiri."

"Ananisubiri mimi?" Aliwatazama mmoja mmoja, akashangaa kuona shemeji yake ameinama amefunika uso kwa mtandio. "Wa nini? Mimi siumwi. Mgongo ulishaacha. Anayeumwa ni kaka."